Mustang ya 1965 au Camaro ya 1967: Ipi ya Kuifufua Nyumbani?

Anayetafuta gari la Kimarekani la miaka ya 1960 ili alifufue kwenye gereji ya nyumbani, mara nyingi huanza kwa kuulizia injini: V8 ya ukubwa gani, nguvu farasi ngapi, kabureta ya midomo mingapi. Mimi humwomba aanze na bati. Injini hutoka na kurudi mwishoni mwa wiki moja ukiwa na winchi na rafiki mmoja mwenye subira. Sakafu iliyooza na vizingiti vya milango vilivyoliwa na kutu ndivyo vinavyolifanya gari likae miaka chini ya turubai, kisha liuzwe kwa hasara likiwa vipande.

Swali la pili ni la nia. Unataka gari lirudi lilivyotoka kiwandani, au unataka umbo la zamani lenye injini, breki na giaboksi za leo? Ukishalijibu hilo kwa dhati, uamuzi kati ya Ford Mustang ya 1965–66 na Chevrolet Camaro ya 1967–69 unakuwa mwepesi kuliko mabishano ya mashabiki yanavyoonyesha. Nimezichagua hizi mbili kwa sababu vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi wa ajabu. Ya tatu nitaitaja baadaye, kwa mwenye mfuko mdogo.

Wajuzi watanikumbusha kwamba Pontiac GTO ya 1964 ndiyo ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa magari ya nguvu ya Marekani, na kwamba Mustang na Camaro ni wadogo zake. Sibishi. Ila gerejini huo udogo una faida: bodi ni nyepesi kuisukuma, milango haivunji mgongo, na gari linaingia kwenye banda la kawaida likaacha nafasi ya kupita na spana mkononi.

Wingi wake unakusaidia nini

Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Ford waliijenga juu ya Falcon, gari la kawaida la familia, ili wapunguze gharama, na kwa miaka ya modeli 1965 na 1966 pekee walitoa zaidi ya milioni 1.1. General Motors (GM), wenye Chevrolet, walijibu Septemba 1966 kwa kuionyesha Camaro. Kwa miaka ya modeli 1967, 1968 na 1969 zilitoka karibu 700,000.

Wingi huo ndio ulioyaweka magari haya hai. Leo unaagiza sakafu nzima, fenda, mlango, dashibodi, hata kibandiko cha kichujio cha hewa, vyote vipya. Kampuni ya Dynacorn inatengeneza hata bodi kamili ya Mustang na ya Camaro kutoka bati jipya. Kwa hiyo usikubali kuambiwa na muuzaji kwamba gari bovu lazima uliokoe kwa sababu hutapata jingine. Utapata.

Tahadhari moja kwa mnunuzi wa Camaro: ya 1969 ilibadilishwa bati la nje, hivyo fenda na milango yake si ya kuchanganya na ya 1967 na 1968. Na ya 1967 unaijua mara moja kwa kile kioo kidogo cha pembetatu mbele ya dirisha la mlango, ambacho hakipo 1968.

Kutu: kila moja ina mahali pake

Kwenye Mustang, bodi na chesisi ni kitu kimoja. Hakuna fremu ya kutegemea chini yake. Sakafu, vizingiti na mihimili ya mbele ndiyo inayolishika gari. Adui mkubwa yuko chini ya kioo cha mbele, kwenye sanduku linaloingiza hewa ndani. Majani na uchafu huingia kupitia vile vitundu vya juu, maji hukaa humo, na bati la ndani huoza pasipo mtu kuona. Dalili ya kwanza ni zulia lenye unyevu upande wa miguu.

Kupima ni rahisi. Mwaga maji taratibu kwenye vitundu vile, kisha ingia chini ya dashibodi na tochi. Maji yakidondoka ndani, ujue kazi iliyopo: kutoa boneti na fenda zote mbili, kutoboa nukta za kuchomelea moja baada ya nyingine, kuinua bati la juu, kubadilisha lililooza, kuziba na kufunga tena. Mtu wa nyumbani anaweza kuifanya. Lakini ni kazi ya kuchosha, na bei ya gari lazima iionyeshe.

Camaro nayo huvuja chini ya kioo cha mbele, ila macho yangu yangeenda nyuma kwanza. Kagua kingo za kioo cha nyuma, sakafu ya buti, pembe za buti zinazoshuka nyuma ya magurudumu, na matao ya magurudumu yenyewe. Kama gari lina paa la vinaili, chukulia kwamba chini yake kuna kutu mpaka uone kwa macho. Maji huingia kwenye kona ya kioo, yanashuka ndani ya buti, na muuzaji keshapiga puti juu ya lile tao. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ipitishe polepole; pale inapokataa kushika pana puti nene.

Hapa kuna tofauti kubwa ya ujenzi. Nusu ya nyuma ya Camaro imejengwa kama Mustang, lakini mbele ina fremu yake ya chuma iliyofungwa kwa boliti kwenye bodi, na katikati mna mipira. Ukishatoa boliti hizo na viungo vyake, fremu nzima yenye injini, springi na usukani inatoka pamoja, unaisukuma pembeni na kuifanyia kazi kwa urefu unaoutaka. Kwa mtu mmoja asiye na lifti ya gari, hiyo ni neema. Wakati wa kurudisha, weka mipira mipya na ulinganishe fremu na bodi kupitia matundu ya kupimia yaliyopo, maana iliyokaa pembe itakuwa inavuta usukani upande mmoja hata uende kwa fundi wa alaimenti mara ngapi.

Sheria ya kuchomelea ni moja kwa yote mawili. Kabla hujakata sakafu, funga mihimili ya muda kwenye uwazi wa milango ili bodi isijikunje. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Bati la bodi lina unene wa karibu milimita moja tu, hivyo piga nukta fupi zilizotawanyika na uache zipoe; ukivuta mstari mrefu, bati litajikunja. Aliyewahi kuwatazama mafundi wa kunyoosha bodi pale Grogan, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, anajua kwamba kinachohitajika hapa ni mkono mtulivu kuliko mashine ya bei.

Chumba cha injini ndicho kinachoamua

Fungua boneti ya Mustang ya 1965 na utazame kushoto na kulia. Kuna minara miwili ya chuma imeingia ndani, kwa sababu springi za mbele zimekaa juu ya mkono wa juu badala ya kukaa chini katikati ya mikono. Minara hiyo ndiyo inayobana kila kitu. V8 ya Ford ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, inaingia vizuri kwa kuwa yenyewe ni nyembamba. Ndugu yake wa baadaye, 302 ya lita 5.0, inaingia vilevile. Lakini ukitaka ile V8 mpya ya Ford iitwayo Coyote, yenye kamshafti mbili juu ya kila silinda hedi, upana wake unakulazimisha kukata minara na kuweka mfumo mwingine kabisa wa springi za mbele. Hapo hufufui tena. Unajenga gari jipya ndani ya ngozi ya zamani.

Camaro haina minara hiyo. Chumba chake ni kipana, na tangu mwanzo GM waliuza ndani yake injini za kila namna, kuanzia silinda sita hadi ile kubwa ya 396. Ile 350 ya lita 5.7 ilianza maisha yake kwenye Camaro ya 1967, na hadi leo sidhani kama kuna V8 rahisi kuipatia vipuri kuliko hiyo. V8 mpya za GM za kizazi cha LS, zilizoanza na Corvette ya 1997 na kusambaa kwenye malori madogo ya GM kuanzia 1999, zinaingia kwa vibati vya kufungia, sampu inayofaa fremu, manifoldi za moshi za umbo jingine, pampu ya mafuta ya msukumo mkubwa na nyaya zake. Hukati kitu. Injini ya lita 5.3 kutoka kwenye pikapu iliyogongwa ni njia ya kawaida kabisa ya kulipa gari hili nguvu, na asubuhi ya baridi inawaka bila kubembelezwa.

Ndiyo maana nasema wazi: anayetaka injini ya leo achukue Camaro, na anayetaka gari kama lilivyokuwa achukue Mustang. Si suala la nani mzuri. Ni kwamba moja inakubali kubadilishwa, na nyingine inapendeza zaidi ikiachwa.

Kuiacha hakumaanishi kutoigusa. Kuna maboresho ya Mustang ambayo ni rahisi na yana matunda makubwa. La kwanza ni kushusha tundu za mkono wa juu wa springi za mbele kwa takriban inchi moja, jambo ambalo watu wa Carroll Shelby, mjenzi wa magari ya mashindano, walilifanya kwenye GT350, Mustang yake ya kasi ya 1965. Unatoboa matundu mawili kila upande, na gari linaacha kuyumba kwenye kona. La pili ni kuweka muhimili mmoja mzima kati ya minara na ukuta wa injini, mahali pa vile viwili dhaifu vya kiwandani. La tatu ni giaboksi ya gia tano aina ya T-5 kutoka Mustang za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990. Barabara kuu inakuwa raha, injini haipigi kelele ya kukatisha mazungumzo.

Kwa Camaro ya zamani yenye otomatiki ya Powerglide, yenye gia mbili tu, kubadilisha giaboksi ni karibu lazima kwa anayetaka kusafiri nayo.

Neno kuhusu kabureta. Kabureta nzuri iliyosafishwa na kupangwa sawa haina ubaya wowote, na kwa gari la asili ningeiacha. EFI, yaani mifumo ya kielektroniki ya kupuliza petroli, za kujifunza zenyewe kama Holley Sniper, hukaa mahali palepale pa kabureta na kufanya kazi vizuri, lakini zinadai altaneta yenye afya, nyaya safi na pampu mpya. Mtu aliyefunga EFI juu ya wayaringi wa 1966 amejitafutia usiku wa kutembea kwa miguu.

Mustang ya silinda sita: mtego wa bei

Utaziona nyingi, na bei yake inavutia. Mawazo ya kwanza ya mnunuzi huwa ni kuinunua na kuiwekea V8. Simameni hapo kidogo. Mustang ya silinda sita ina magurudumu ya nati nne, difu ndogo, ngoma za breki ndogo, na viungo vya usukani na springi vyepesi kuliko vya V8. Kuigeuza kwa usalama kunataka kubadilisha ekseli ya nyuma, spindo za mbele, tairodi, breki zote, springi, redieta, giaboksi, ndipo ufike kwenye injini. Kufikia hapo ungekuwa umenunua ya V8 tangu mwanzo na chenji ikabaki.

Iache na sita zake. Ile ya inchi 200, lita 3.3, ilitoa nguvu farasi 120 kwa hesabu za wakati ule, na krankishafti yake imeshikwa na beringi kuu saba, hivyo ni injini ngumu kuiua. Usipoteze pesa kwenye kabureta kubwa: manifoldi ya kuingizia imeumbwa kitu kimoja na silinda hedi, na hapo ndipo pumzi inapobanwa. Iwekee breki nzuri, viungo vipya na matairi ya radial, na utakuwa na gari la kuendesha Jumapili hadi Jumapili.

Breki kabla ya nguvu

Katika mlinganisho huu, hapa ndipo Camaro inaposhinda tangu kiwandani. Mustang za 1965 na 1966 zina masta silinda ya chumba kimoja. Bomba likipasuka kwenye gurudumu moja, kanyagio linazama hadi chini na gari zima limekosa breki. Camaro ilianza 1967 na vyumba viwili, vya mbele na vya nyuma mbalimbali, na Mustang nayo ikapata mwaka huohuo. Mwenye Mustang ya 1965 au 1966 aifanye hii kuwa kazi yake ya kwanza, hata kama anajali uhalisi kwa kiasi gani. Masta ya vyumba viwili inafungika palepale na mabomba mawili matatu mapya.

Diski za mbele ni hatua ya pili kwa zote. Kabla hujanunua seti, uliza kama itaingia ndani ya rimu za inchi 14 ulizonazo; baadhi zinataka 15, na ghafla unanunua matairi pia. Badilisha na mipira yote ya maji ya breki. Kwa nje inaweza kuonekana mizima, ndani imevimba na kuziba.

Ngoma za zamani zikifunguliwa, usipulize vumbi kwa kompresa. Lainingi za enzi ile zilikuwa na asbesto. Lowesha kwanza, ufute kwa kitambaa, ukitupe. Na pale unapotaka kuchomelea, usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini: moto wake hutoa gesi ya fosijini, ambayo huua.

Uhalisi na ulaghai

Mustang ni rahisi kuisoma. Herufi ya tano ya namba ya chesisi inasema injini: C ni 289 ya kabureta ya midomo miwili, A ni ya midomo minne, T ni silinda sita ya 200, na K ni ile 289 maalumu ya nguvu farasi 271. Muuzaji akidai gari lake ni K na herufi ni C, mazungumzo yameisha.

Camaro haina ukarimu huo. Namba yake inakuambia tu kama gari lilitoka na silinda sita au V8. Haisemi SS, haisemi Z/28, matoleo yake ya nguvu yanayotafutwa sana. Z/28 za 1967 zilikuwa 602 tu, na gari la kawaida linaweza kuvishwa beji na mistari yake ndani ya siku moja, kwa hiyo bandia ni nyingi mno. Ushauri wangu kwa mtu wa nyumbani ni kutokimbilia hizo kabisa. Nunua Camaro ya V8 ya kawaida, isiyo na beji. Hutalipia jina, na hutaogopa kuitoboa unapoweka injini ya LS. Gari lenye historia halisi na injini yake ya kuzaliwa, liache liende kwa mtu atakayelirudisha kama lilivyokuwa; kulikata ni hasara kwetu sote tunaoyapenda.

Kwa injini ya zamani itakayobaki, kuna mambo mawili ya mafuta. Petroli ya risasi iliondoka kwenye barabara za Marekani kufikia 1996, na Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti vya vali, kwa hiyo silinda hedi ambayo haijafunguliwa tangu zamani iwekewe viti vigumu vya vali siku itakapofika kwa fundi mashine, hasa kama utalisukuma gari. Na kamshafti ya tapeti bapa inataka oili yenye zinki ya kutosha, ambayo nyingi za siku hizi zimepunguziwa. Mipira yote ya petroli nayo ibadilishwe kwa ile inayovumilia ethanoli.

Ya tatu: Dodge Dart

Mwenye bajeti nyembamba na asiyehitaji jina atazame Dodge Dart ya 1967 hadi 1976. Silinda sita yake ya inchi 225, iliyolazwa kwa nyuzi 30, ina sifa ya uvumilivu inayostahili, na V8 ya 318 ni tulivu. Mbele haina springi za mzunguko bali fimbo za kujisokota, na urefu wa gari unaurekebisha kwa boliti. Udhaifu wake ni bati: paneli mpya ni chache kuliko za wale wawili, kwa hiyo hapa kutu ni sababu ya kuondoka. Umeme wote wa kuchaji hupita kwenye ammita ya dashibodi, na viungo vyake vya zamani huungua, vipitishe kando. Na kwa za kabla ya 1971, nati za magurudumu ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume. Wengi wamevunja stadi kwa kutojua.

Siku ya kwenda kuliona

Nenda mchana, gari likiwa kavu, na injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika huenda ana jambo analolificha. Beba sumaku, tochi, chupa ya maji kwa ajili ya lile sanduku la Mustang, na bisibisi ya kuchokoa mihimili ya chini, kwa ruhusa ya mwenye gari. Milango ifunguke na kufungwa bila kuinuliwa. Ikiwa mwanya wa juu wa mlango umepanuka na wa chini umebana, bodi imelegea katikati, na kwa Mustang, hasa isiyo na paa, hilo ni kosa zito.

Rangi isikusumbue. Hata hivyo kazi ya rangi ya mwisho ningeipeleka kwa wenye banda la kupulizia, maana klia (vanishi ya juu) za siku hizi zina isosayaneti, kemikali hatari kwa mapafu, na barakoa ya kawaida haitoshi. Nyumbani fanya bati, praima na msasa wa maji, ukikumbuka kwamba rangi ya zamani ina risasi na vumbi lake halifai mahali watoto wanapocheza.

Mwisho, omba hati ya umiliki na uilinganishe na namba kwenye chuma chenyewe: kwa Mustang imegongwa kwenye bati la ndani la fenda upande wa dereva, kwa Camaro ya 1967 iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kuanzia 1968 iko juu ya dashibodi, inasomeka kupitia kioo cha mbele. Kibati chenye ribiti mpya kwenye gari la miaka ya 1960 kiulizwe maswali kabla ya pesa kutoka mfukoni.